Siku Tuliyowatoa Samaki Nje

Jambo zima lilitugharimu mbuzi dume mmoja, vitenge viwili vya kuvaliwa misani, jogoo, na jina la baba yangu katika kambi yote ya wafanyakazi ya Panda. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili ni kile cha mwisho kinachonilemea. Mbuzi aliliwa akaisha. Vitenge vilichakaa. Jina bado linatembea. Juzi nilikwenda Panda kumfuata mtu aliyetaka kuniuzia friji bovu kwa bei ya friji zima. Nikiwa nimeshamshika vizuri, karibu aachie, mzee mmoja aliyeketi pembeni akanitazama usoni, akachekea ndevuni, akauliza, "Weye haiko mutoto wa Baba Samaki?" Yule muuzaji naye akacheka, na nguvu za kupatana bei zikaniishia palepale. Mtu akishaijua aibu ya nyumba yenu, utamwambia nini tena kuhusu friji?

Nikarudi kwa kupita mbele ya nyumba yetu ya zamani. Wanaishi watu wengine sasa. Ukuta wameupaka rangi, barza, kibaraza cha mbele, wameiwekea vyuma, na mlango wa mbele wameupanua, mbao mbili kabisa. Nilisimama nikaupima kwa macho. Mlango ungekuwa mpana hivyo wakati ule, nisingekuwa na cha kukusimulia leo.

Ngoja nianzie mwanzo, ndugu yangu, maana ukianzia katikati utadhani baba alikuwa mpumbavu, na hakuwa.

Baba alikuwa fundi umeme kiwandani. Mama alikuwa binti wa watu wa ziwani, wa Tshangalele, na mama yake, ambaye sisi tulimwita kambo kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita bibi na babu, alikaa kulekule kandokando ya maji. Sasa, kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake machoni. Hatamki jina lake, hali naye sahani moja, haingii chumba anacholala, na akitaka kumwambia neno hutuma mtoto. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe, na baba aliishika kuliko hata amri za kanisa. Siku moja kambo alikuja kututembelea na bidoni la maji lililokatwa juu, ndani yake samaki wadogo wazima, urefu wa kidole cha kati. Aliwaleta hai ili wafike wabichi, mama awakaange. Baba alipowaona wanaogelea akafikiri ameletewa awafuge. Kuuliza hakuweza, zawadi ya mama mkwe haiulizwi. Akawatia kwenye beseni la kuogea, na sisi tukaoga kwa kopo mpaka alipomaliza kutengeneza chombo cha vioo vya dirisha vilivyotupwa, akaviunganisha kwa mastiki ambayo harufu yake ilikaa kwenye bukari, ugali wetu, mpaka tukaizoea. Mama alijua kila kitu na alinyamaza. Alicheka jikoni peke yake, mgongo ukitikisika. Kambo naye alirudi ziwani akijiuliza huyu mkwe wake anakula samaki lini.

Watu wenye maneno ya vitabu huita chombo kile akwariamu. Sisi tulisema kioo tu. Kilikaa saloni, chumba chetu cha wageni, kando ya bufe la vyombo, na kila kishindo cha baruti kutoka machimbo ya Kakontwe kilipofika, maji yalitetemeka na samaki wote waligeuka upande mmoja kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

Mwaka wa kwanza baba aliwahurumia. Baridi ya Likasi ya mwezi wa sita unaijua: asubuhi mdomo unatoa moshi, bomba la uani linauma vidole, na watoto wanakwenda shule wamevaa sweta juu ya sweta kama wanahama. Baba akawawekea balbu juu ya maji, ikawaka usiku na mchana. Walikula, walinenepa, na walibaki rangi ya maji ya kuoshea vyombo mwaka mzima. Hakuna aliyetaga. Mwaka uliofuata umeme ulikatika kambi nzima katikati ya baridi, ukakaa muda mrefu, na fundi umeme akakaa gizani kama sisi wengine. Samaki walishuka kwenye mchanga wakatulia, hawali, wanapumua kwa kubania. Tulikwisha kuwatoa kwenye hesabu. Lakini joto la mwezi wa tisa lilipoingia, na jakaranda za barabarani zikaanza kuchanua, madume waligeuka. Mwili dhahabu, midomo buluu, na kwenye ncha ya pezi la chini doa jekundu kama kaa la moto. Wakachimba mchanga, wakatunishiana mashavu, na jike mmoja akaokota mayai yake yote mdomoni akakaa nayo bila kuonja chakula. Mama alisema yule jike ameshika Kwaresima nje ya wakati.

Ndipo baba akaelewa. Samaki asiyeonjeshwa baridi, alituambia, hajui kama mwaka umegeuka. Anangoja tu, na kungoja hakuna rangi. Tangu hapo kila mwaka tuliwatoa nje. Kipimo kilikuwa chupa ya mawese ya mama. Asubuhi mawese yakigoma kumiminika na mama akianza kuyachimba kwa mpini wa kijiko, baba alitikisa kichwa na kusema wakati umefika. Kioo kilihamia barzani, upande usiopigwa na jua. Chakula kilipunguzwa mpaka chembe za kubanwa kwa vidole viwili. Usiku wa baridi kali mno kilivikwa gunia, na kila alfajiri baba alichovya kifundo cha mkono majini, akafumba macho kama daktari anayesikiliza moyo. Jotoridi lilipopanda mwezi wa nane, kioo kilirudi ndani taratibu, na sisi watoto tukaanza kubishana ni dume yupi atawaka wa kwanza. Mimi sikubishana bure. Tulibishana kwa karanga, na nilikuwa nachungulia mapema.

Shida ilikuwa mlango. Baba alikijenga kioo ndani ya nyumba bila kuupima mlango, na kilipita kwa kukwaruza. Ili watu wanne waweze kukigeuza ilibidi saloni yote itolewe kwanza: viti, meza, mkeka, hata bufe. Viti vilikuwa sita, au tuseme vitano na nusu, maana kimoja kilisimama kwa kuegemea ukuta. Vyote vilipangwa uani. Hapa unaniona naenda polepole, kwa sababu wewe pia umezaliwa kwetu na umeshaanza kutabasamu. Unajua maana ya viti kupangwa nje ya nyumba: msiba. Miaka ya kwanza hakuna aliyeshtuka, maana hatukuwa na mgonjwa ndani.

Mwaka ule kambo alikuwa mgonjwa kifuani. Mama alimleta kutoka ziwani akae kwetu, apigwe sindano zake kila siku kwenye dispansari, na alilazwa katika chumba chetu cha watoto. Muuguzi alikwisha kusema wazi: sindano zikikatizwa katikati, hatamwahidi mtu yeyote kitu. Kule ziwani hapakuwa na wa kumchoma. Kwa hiyo kila mtu nyumbani alijua jambo moja: kambo asiondoke mpaka amalize.

Baba aliishi mwezi ule kama mgeni ndani ya nyumba yake. Akipita karibu na chumba kile alikohoa kwanza ili asikutane naye. Salamu zilipita kwetu. Nilitumwa na "mukwe wako anakusalimu", nikarudi na "mwambie nimesikia", na nilikuwa natoza kipande cha kiazi kitamu kwa kila safari, mpaka dada yangu mkubwa akaniharibia biashara kwa kuifanya bure.

Jumamosi moja mawese yaligoma. Mama alimwambia baba mwaka huu awaache samaki ndani, nyumba ina mgonjwa. Baba akajibu kwamba samaki hawajui nani anaumwa, na msimu ukipita haurudi. Mama akachukua kikapu akaenda sokoni. Wenzake wawili baba wa zamu ya usiku walikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, wamechoka, nyuso zimekunjamana. Wakawasha gogo uani wapashe mikono. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa amelala, walinong'ona. Tukatoa viti, tukatoa bufe. Maji tukayapunguza kwenye ndoo yakabaki kiganja kimoja. Na ili samaki wasiogope mwanga wakaruka, baba alikifunika kioo chote kwa shuka jeupe la mama, lile la wageni.

Sasa simama barabarani na utazame, kama alivyosimama jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuwa mwanamke mwema, mwepesi wa kuazima chumvi na mwepesi zaidi wa machozi. Alijua kambo yuko ndani na hali yake si nzuri. Akaona viti nje. Akaona gogo linawaka. Akaona wanaume wanne, baba, kaka yangu na wale wawili, wanatoka mlangoni polepole, vichwa chini, hawasemi, wamebeba kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe. Ungekuwa wewe ungewaza samaki?

Aliweka mikono kichwani akalia. Kilio chake kilikuwa cha kusikika mpaka bomba la pili, wanawake wanapochota maji, na bomba la pili likakipokea likakipeleka mbele. Kabla kioo hakijafika barzani, uwanja wetu ulikuwa na wanawake wamejifunga vitenge viunoni. Mmoja alishatua sahani ya unga, mwingine makaa, mwingine alikuwa chini kwenye vumbi anataja wema wa kambo, na wema mwingine hata hakuwa nao. Katekista alifika na kitabu cha nyimbo.

Utauliza kwa nini baba hakusema. Nimejiuliza hivyo miaka mingi. Mikono yake ilikuwa chini ya kioo, na akiachia upande wake, upande wa kaka yangu ungemwangukia miguuni. Lakini hata mikono ingekuwa wazi, angesema nini? Kutamka jina la mama mkwe hawezi. Kutangaza mbele ya watu habari za mwili wa mama mkwe, kwamba yu hai au hayuko hai, hawezi. Kuingia chumbani amtoe aonekane, ndiyo kabisa. Mtu wa kumsemea alikuwa mama, na mama alikuwa sokoni. Wale wenzake wawili walijaribu kusema, vilio vikawafunika. Baba alikuwa na uso wa mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi, na hakuwa ameiba chochote. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya samaki, natamani nizame humo.

Kisha pazia la mlango likasogea, na kambo akatoka mwenyewe. Amejitanda blanketi, mkono mmoja ukutani. Kilio hakikukatika mara moja. Kilipungua kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyomwona. Mwishowe akabaki yule jirani peke yake, maana alikuwa amefumba macho.

"Munalilia nani?" kambo akauliza.

Jirani akafumbua macho. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ni weye, kambo."

Kambo akawatazama wote, mmoja mmoja, kama anayepokea wageni.

"Basi muendelee. Minye nasikiliza."

Hakuna aliyeendelea. Akauliza chini ya shuka kuna nini. Baba aliinamisha kichwa zaidi, na ni kaka yangu aliyevuta kona ya shuka. Samaki walikuwa wamejikusanya pembeni, wadogo, rangi ya udongo, hawana hata sura ya kitu cha kusababishia fujo ile. Kambo aliwatazama muda. Sijui kama aliwatambua. Akageuka akaingia ndani, na tukasikia kabati likifunguliwa. Alikuwa anafunga mzigo wake.

Hilo bado si baya kuliko yote. Baya lilikuwa njiani. Mama alikuwa anarudi kutoka sokoni, na kwenye njia panda watu walimpokea kwa pole. Wakamshika mabega, wakamwambia ajikaze, mama yake amepumzika. Mama alitupa kikapu palepale, nyanya zikaingia mtaroni, akakimbia akilia barabara nzima, kitambaa cha kichwa mkononi. Aliingia uani kwetu hivyo, mbele ya wote, akapita katikati ya viti, akafika chumbani, akamkuta mama yake ameketi kitandani anakunja nguo. Nilimsikia mama yangu akicheka na kulia kwa pumzi moja. Sijawahi kuisikia tena sauti ile kwa mtu yeyote, na sitaki. Baadaye alitoka, akalichukua lile shuka, akalitikisa vumbi, akalikunja vizuri, akampa baba mkononi bila neno. Neno halikuja jioni ile, wala Jumapili.

Kambo alisema halali tena chini ya paa la mkwe huyu. Atarudi ziwani, na sindano zibaki na muuguzi. Mama akasema akiondoka anaondoka naye, na alipotutazama sisi watoto hakuongeza kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si aibu tu iliyoingia nyumbani. Kambo akienda, kifua kitammaliza. Mama akimfuata, nyumba itabaki na baba na samaki.

Shuleni walikuwa wameshaipata habari. Watoto wa Panda hawakosi katekisimu. Wakaniuliza kambo yetu alifufuka siku ya tatu au siku ileile, na samaki walikuwa wangapi, wawili pamoja na mikate mitano? Mwalimu aliwanyamazisha, lakini yeye mwenyewe ilibidi ageukie ubao kwanza.

Katekista ndiye aliyemwomba kambo asubiri mpaka ndugu yake aje, mjomba wa mama, ili kesi isikilizwe. Alikubali kusubiri, si kusamehe. Sindano aliendelea kuchomwa, akisema ni kwa ajili ya nguvu za safari. Mjomba alifika kutoka ziwani na koti zito na uso wa kuja kula mbuzi. Tulikaa uani, kwenye viti vilevile. Kambo alibaki ndani, nyuma ya pazia la mlango, akasikika bila kuonekana.

Sote tulidhani atamshitaki baba kwa viti, au kwa shuka. Hakuvitaja. Alisema, sauti yake ikitoka nyembamba kupitia pazia, kwamba siku ile alikuwa macho. Alisikia vilio vyote, akamtambua kila mwenye kilio.

"Kila mutu alinililia. Hata ule wa kuazima chumvi. Mukwe wangu yeye alikuwa anashika samaki."

Wewe ni mtu wa akili, fikiria jibu lake. Baba alijua kwamba mama mkwe hakufa, sasa angelia nini? Lakini jambo lile lilivyosemwa, likapita kwenye pazia, hata mimi mtoto nilimtazama baba nikaona kweli, huyu hakulia. Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu ya namna hiyo ni nzito kuliko yako mwenyewe, kwa sababu huwezi hata kuipunguza bei.

Baba alipiga makofi taratibu, kama anavyoomba nafasi mtu wa kwetu mbele ya wakwe. Hakuelekea pazia. Alimwambia mjomba.

"Mumwambie mama: minye sikulia juu nilijua iko muzima. Kila asubuhi siendi ku kazi kama sijasikia anakohoa."

Na hapo nikakumbuka kwamba kweli, mwezi mzima ule, baba alisimama koridoni asubuhi na kofia yake mkononi, viatu vimefungwa, hafanyi kitu. Nilikuwa nafikiri anatafuta funguo.

Pazia halikutikisika. Mjomba alifungua mdomo ayarudie maneno kama ilivyo desturi, na kabla hajaanza, ndani mle kambo alikohoa. Kikohozi kimoja, kifupi, kikavu. Wanawake waliinama wakatazama vidole vya miguu yao. Mama aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha sauti ikasema, "Kikohozi amekisikia, ni muzuri. Lakini mbuzi aje."

Mbuzi akaja, na vitenge, na jogoo wa mjomba wa kufungia safari. Ukabaki unga wa matanga na makaa. Hakuna nyumba iliyokubali kurudishiwa. Kitu kilichokwisha kulilia mtu hakirudi jikoni kwa mwenyewe. Na sisi tungewezaje kuula, aliyeliliwa akiwa ameketi mezani? Katekista akaamua upikwe wote siku moja na uliwe na wote, kwa mbuzi yuleyule. Ndiyo karamu pekee ya matanga niliyowahi kuona ambayo marehemu alilalamika kwamba nyama haikuiva.

Kambo alibaki. Alimaliza sindano. Mwezi wa tisa madume waliwaka kuliko mwaka wowote, na yeye akaketi mbele ya kioo mchana kutwa, karanga mapajani, akimwangalia jike mwenye mdomo uliojaa, na watoto wadogo kama punje za mtama wakitoka na kurudi kinywani kwa mama yao kila baruti za Kakontwe ziliposikika. Baba alibaki barzani mpaka kambo aondoke hapo. Jina la Baba Samaki lilikuwa limeshashika, na yeye aliliitikia bila ugomvi. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nikilisikia barabarani nilibadilisha upande.

Miaka ikapita. Kambo alikuwa akija kila baridi, na samaki walitolewa kila baridi, viti vikawekwa nje kila baridi, na kambi ikazoea. Watu walipita wakauliza kama madume ni wazima. Basi mwaka mmoja, samaki wakiwa wameshatoka zamani, kambo alilala kwetu akaamka hawezi kusema, na kabla ya saa ya chakula akatuacha. Tukatoa viti. Kaka yangu akawasha gogo. Mama na dada walikuwa ndani wakimwosha kabla ya kilio. Na barabara ikaendelea kupita.

Mtu mmoja kwa baiskeli alituambia mwaka huu tumechelewa kuwatoa. Mwingine alipunga mkono. Baba alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, na kwa mara ya pili maishani mwake hakuwa na njia ya kusema, maana mkwe hatangazi kifo cha mama mkwe; hulia ndugu wa damu kwanza. Ndipo yule jirani wa mlango wa pili akapita na ndoo yake. Alitazama viti, akatazama moto, akacheka kwa upole.

"Leo hamutanishika tena," akasema, akaendelea na njia.

Baba aliketi chini. Si kwenye kiti, kwenye vumbi. Akaweka mikono kichwani kama mwanamke, akalia. Hakujua kulia, kilio kilimtoka vibaya, kwa vipande, mdomo wazi, mtu mzima wa kofia ya kiwanda. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa kuchana nywele mara mbili, na niligeuza uso, nikaona haya. Alilia peke yake kwa muda ambao sikuupima, na ni kitu kimoja katika maisha yangu nisichokipima. Kisha nikasikia ndoo inaanguka barabarani. Jirani alikuwa anarudi mbio, na bomba la pili likampokea.

Hayo ndiyo niliyoyabeba juzi kutoka Panda, bila friji.

Siku hizi baba anakaa kwangu, upande mwingine wa mji. Mama hayupo tena. Tulimlilia chini ya turubai la kukodi, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, na habari ilipita kwenye simu. Nilimnunulia mzee kioo kipya, na mlango wangu ni mpana, kioo kinapita na maji yake. Mwezi huu mawese yaligoma, nikamwambia nitamtolea samaki wake barzani kwa dakika moja. Akakataa. Akataka saloni yote itoke kwanza: viti, meza, na kabati. Akataka na gogo. Nilifanya kama alivyosema, maana ukibishana na mzee unalipa mara mbili.

Aliketi na koti lake, akatazama barabara kama anayengoja mtu aje na kilio, kuanzia asubuhi mpaka kivuli kikahama. Watu walipita wengi. Mmoja tu ndiye aliyesimama, akauliza kabati ni bei gani, na nusura nimtajie. Jua lilipogeuka baba akaniita, akauliza kwa sauti ya chini, "Hakuna mutu amekuja?"

Nilimwambia bado ni mapema. Akaitikia kwa kichwa, na tangu siku ile amenikataza nisivirudishe viti ndani. Kila asubuhi anatoka anaketi, na kila jioni ananiuliza vilevile, na mimi, ninayeweza kumjibu mfanyabiashara yeyote wa soko la Likasi, naangalia miguu yangu. Naona aibu, na sijui ni yangu, ya mtaa huu, au ya miaka hii. Wewe uliyewahi kutunza mzee, nishauri: nimwambie nini?